Gauni Lisilovulika

Tulimwacha Fundi amepiga magoti sakafuni, pini zimemjaa mdomoni, hawezi kusema wala kumeza mate.

Mbele yake alisimama wifi yake mtarajiwa, yule binti muuza miwani ambaye mtaa mzima unamwita Miwani, ingawa yeye mwenyewe anaona mbali kama mwewe. Gauni jeupe la harusi lilikuwa mwilini, upindo haujakaa sawa, na Jumamosi yenyewe ilikuwa inakuja mbio. Fundi alikuwa amemuuliza swali la kawaida kabisa: la kulalia, la kwendea fungate, nikushonee la namna gani?

Na Miwani akamjibu, "Nishonee lisilovulika."

Najua wapo kati yenu waliocheka. Hata Fundi alicheka, na anayecheka na pini mdomoni hujuta mwenyewe. Akazitema kiganjani, akajifuta midomo.

"Lisilovulika kivipi, wifi? Unakwenda fungate au unakwenda vitani?"

"Vifungo toka shingoni mpaka chini. Vile vidogo vidogo vinavyosumbua. Kwa ndani utie kamba. Na kiunoni..." Binti akasita. "Unaweza kuweka mkanda wa kufuli?"

"Kufuli!" Fundi akajishika mbavu. "Na ufunguo nimpe mdogo wangu au nikupe wewe?"

"Baki nao wewe."

Kicheko kikafa pale pale.

Sasa, kwa wale waliochelewa kupanda: bwana harusi ni mdogo wake Fundi, tena kitinda mimba. Mama yao alifariki huyu akiwa ndiyo kwanza anajifunza kutambaa, na Fundi akamlea mgongoni huku mguu uko kwenye cherehani. Jina la utani ni Tabasamu. Anafundisha watu kuendesha gari, na nusu ya wenye leseni mjini wamepita mikononi mwake. Ukikosea gia hakugombezi; anakuonyesha meno yote, anakwambia turudie. Watu wanampenda. Dada yake anampenda kuliko watu wote hao wakijumlishwa.

"Amekupiga?" Fundi aliuliza. Sauti ilitoka nyembamba kama uzi.

"Hajawahi kunipiga hata kofi," alisema Miwani. "Angenipiga ningejua niseme nini."

Akakaa juu ya kiti cha wateja, gauni jeupe likamzunguka kama povu.

"Juzi nilimpelekea kadi zilizobaki. Akanishika, nikamwambia leo sitaki, nimechoka. Akacheka. Nikasema tena, sitaki. Akafunga mlango. Mimi nikaganda, wifi. Mikono haikunyanyuka. Sauti haikutoka. Nje jirani alikuwa anamgombeza mwanawe kuhusu viatu, basi mimi nikawa nasikiliza habari za viatu mpaka ikaisha."

Fundi akaziweka pini mezani, moja moja.

"Halafu akaenda kuniletea soda. Baridi kabisa. Akaniuliza mbona nina sura hiyo. Nikamwambia nilikukatalia. Akasema, mbona hukupiga kelele?"

"Ilikuwa mara ya kwanza?"

Miwani akatikisa kichwa. "Kila mara najiambia akishanioa atatulia. Sasa juzi amenisindikiza mpaka mlangoni, akanibusu shavuni, akaniambia: Jumamosi ikipita, hilo neno 'sitaki' utaliacha kwa mama yako."

"Khaa!"

Sauti haikuwa ya Fundi. Haikuwa ya Miwani. Ilitoka nyuma ya pazia la kujaribia nguo, na pazia likatikisika kama lina mbuzi ndani.

Mungu wangu, Shangazi! Fundi alikuwa amemsahau.

Shangazi ni dada wa marehemu baba yao, mwenyekiti wa kamati ya harusi, na redio ya mtaa isiyozimwa hata umeme ukikatika. Alikuja kujaribu gauni lake la zambarau, zipu ikagoma katikati ya mgongo, naye akabaki mle ndani anahangaika nayo, masikio yakiwa kazini. Sasa akachomoza, nusu amevaa nusu hajavaa.

"Nimesikia yote," alitangaza, kana kwamba kuna aliyekuwa na shaka. "Mwanangu, pole. Lakini sikiliza mtu mzima. Mume hambaki mkewe. Kitu hicho hakipo."

"Hajawa mkewe," alisema Fundi.

"Jumamosi atakuwa."

"Na Jumamosi mwili wake unahamia kwa nani, Shangazi? Unaandikishwa jina jipya kama kiwanja?"

"Wewe usinitolee maneno ya kwenye semina. Mambo ya chumbani yakitoka sebuleni yanakuwa ya mtaa."

"Yakibaki chumbani yanamla mtu."

"Sisi wote tumevumilia!"

"Mmevumilia nini?"

Shangazi akairudia zipu yake.

Fundi akageuka, akamsaidia Miwani kuvua gauni la harusi kabla machozi hayajaharibu kitambaa. Akashusha bega la kulia taratibu, akashusha la kushoto. Na pale, juu ya kiwiko, mikono yote miwili, walikuta alama za vidole. Zimeiva, za zambarau kama gauni la Shangazi, zimekaa huku na huku kama za mtu aliyeshika usukani.

Shangazi, ambaye maneno yake hayana koma wala nukta, akaweka nukta.

Alisogea, akainama, akatazama. Hakugusa.

"Mtoto huyu nimemwogesha kwa mikono yangu," alisema polepole, akimaanisha Tabasamu. "Nikimkata kucha, mimi mwenyewe."

Kisha akajitupia mtandio mabegani kufunika zipu iliyogoma.

"Vaa nguo zako, mwanangu. Tunakwenda kwa nesi."

"Na zipu je, Shangazi?" Fundi aliuliza.

"Zipu itajua yenyewe huko mbele." Tayari alikuwa amemkamata Miwani kiganja, anamvuta.

"Shangazi. Muulize kwanza."

"Nimuulize nini?"

"Kama anataka kwenda."

Shangazi akauachia mkono ule kama umemuunguza. Nadhani katika maisha yake yote hakuwahi kumuuliza mtu kama anataka jambo. Akakohoa. "Unataka kwenda, mwanangu?"

Fundi akaongeza, "Mimi huwashonea manesi sare, wameshaniambia mara nyingi. Zipo dawa za kinga, lakini zinataka mtu awahi, zisipite siku tatu. Juzi bado si mbali. Kwenda hospitali hakukulazimishi kumshtaki mtu wala kumwambia mtu. Hayo utaamua wewe, ukiwa tayari."

Miwani akamtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Nataka," alisema.

Na hapo hapo, nje: pii! pii-pii!

Honi ile ilijulikana mtaa mzima. Gari dogo jeupe lenye kibao cha mwanafunzi juu ya paa lilikuwa linaegeshwa mbele ya duka, kwa ustadi, sambamba na ukingo wa barabara.

"Mlango wa nyuma!" Fundi alinong'ona. "Piteni kwa dobi!"

Miwani akachomoka. Shangazi akamfuata, zambarau ikipepea, akaangusha kiti kimoja na sanamu la kupimia nguo. Mlango wa nyuma ukafungwa. Wa mbele ukafunguliwa.

"Dada yangu, malkia wa sindano!" Tabasamu akaingia na meno yake yote. "Yuko wapi kipusa wangu?"

"Ametoka na Shangazi."

"Na Shangazi? Basi nitarudishiwa mwezi ujao."

Ulikuwa mzaha mzuri. Siku nyingine Fundi angecheka mpaka achuruzike machozi. Leo aliinua sanamu lililoanguka, akachukua koti la harusi kwenye hanga, akalikung'uta.

"Vaa nikuone."

Akalivaa. Akajitazama kwenye kioo kirefu, akageuka kulia, akageuka kushoto. Alipendeza, hilo hatumnyimi. Fundi akachukua pini, akaanza kubana chini ya kwapa.

"Simama wima. Usicheke, utachomwa."

"Sawa, mwalimu."

"Juzi Miwani alikuja kwako?"

"Alikuja."

"Ikawaje?"

"Dada! Mambo mengine hayaulizwi."

"Mimi nilikuogesha. Nauliza. Alikuwa anataka?"

Tabasamu akamtazama kwenye kioo. Tabasamu lenyewe halikuondoka, lilipungua tu kidogo pembeni. "Ninyi si mnajijua? Mwanamke hasemi ndiyo. Kazi ya mwanamume ni kuisikia ndiyo iliyomo ndani ya hapana."

"Nani amekufundisha hilo?"

"Kila mtu anajua."

"Kila mtu ana jina. Nani?"

"Wenzangu. Watu. Sinema. Sijui." Akacheka. "Dada, unanipeleka wapi? Yule ni mchumba wangu, nimemvisha pete mbele ya ukoo mzima. Au unataka niandike barua ya maombi kila... Aa! Dada, inauma hapo!"

Fundi akaondoa mikono.

Yote miwili, mara moja. Akarudi nyuma hatua, akasimama, pini bado iko vidoleni.

"Vipi?" Tabasamu akashangaa. "Endelea tu, toa hiyo moja."

"Umesema inauma, nimeacha," alisema Fundi. "Sikukwambia kwamba koti nimelishona mimi, kwa hiyo nitachoma ninapotaka. Sikukuuliza mbona hukupiga kelele. Umesema mara moja tu, tena kwa sauti ya kawaida, nimeacha. Unaona kama ni kazi ngumu?"

Kwenye kioo tabasamu lilibaki peke yake usoni, kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

"Yeye alisema mara ngapi?"

Tabasamu akarekebisha kola ya koti.

"Mara ngapi, mdogo wangu?"

"Sikuhesabu."

"Kumbe ulisikia."

Hilo, wasomaji wangu, lilimpata kuliko pini. Aligeuka, na pini zilizobaki zikamkumbusha kwamba hajaruhusiwa kugeuka. Akaruka.

"Amekwambia nini? Eh? Amekwambia nini huyo? Mimi simpigi! Simtukani! Kuna wenzake wanapigwa kila wiki, waulize! Mimi nampenda!"

"Hata daktari wa meno huuliza kama ganzi imeingia. Na hajasema anampenda mtu."

"Wewe ni dada yangu au dada yake?"

"Ni dada yako. Ndiyo maana niko hapa na wewe, sijaanzia polisi." Fundi akaegemea meza ya kukatia. "Sikiliza. Pale kituo cha afya yuko bwana mmoja anayekaa na wanaume, wanazungumza mambo haya haya. Nitakusindikiza mwenyewe, nitakaa nje kwenye benchi mpaka utoke. Lakini harusi, mpaka Miwani aseme mwenyewe. Akisema hakuna, hakuna. Na akitaka kwenda polisi, nitamsindikiza pia."

"Kadi zimeshatoka!"

"Zitarudi."

"Watu watasema nini?"

"Watasema. Midomo ni yao."

Kwa muda mfupi tu Fundi alidhani amempata. Alimwona ameinamisha kichwa, mabega yameshuka, yule yule aliyekuwa akimjia na goti lililochubuka. Akanyoosha mkono amshike bega.

Tabasamu akauondoa mkono ule. Akalivua koti kwa nguvu, mshono wa bega ukalia, pini zikaruka sakafuni.

"Mmekaa wanawake mmenifanyia kikao. Haya. Mimi nakwenda kwa mzee wake. Tuone kati yangu na yeye ataaminiwa nani."

Akatoka. Gari likaondoka kwa kishindo, mwalimu wa udereva bila kutazama kioo cha pembeni, baiskeli mbili zikaingia mtaroni.

Fundi alifunga duka akiwa bado na tepu shingoni, akakimbia.

Kituo cha afya kiko nyuma ya soko la mitumba. Kwenye benchi la korido alimkuta Shangazi, mtandio umeteleza, zipu imeachia mpaka kiunoni, chaki ya fundi imemchora mabega. Wagonjwa walikuwa wanamtazama kuliko walivyotazama tangazo la malaria.

"Kuna mtu kaniuliza mimi ndiye mgonjwa," alilalamika. "Nimemwambia ndiyo, naumwa na watu."

"Miwani?"

"Yuko ndani na nesi. Nilitaka kuingia, nesi akamuuliza kama anataka niingie. Akasema hapana." Shangazi akavuta pumzi. "Nikakaa. Kumbe mtu unaweza kukaa tu."

Mlango ukafunguliwa. Miwani akatoka na bahasha ya dawa. Macho yalikuwa mekundu, lakini shingo ilikuwa imenyooka.

"Ameniamini," ndilo neno la kwanza alilosema. "Sikumaliza hata kueleza. Ameniambia kuganda si kukubali. Mwili ukiona hauna pa kukimbilia, hujizima wenyewe. Nilidhani ni mimi tu niliyeumbwa vibaya."

Shangazi akajifanya anatafuta kitu mkobani. Alikuwa anatafuta leso.

"Wifi," Fundi alisema, "kuna jambo. Amekwenda kwa baba yako."

Miwani akafumba macho.

"Unaweza kuja kulala kwangu," Fundi aliharakisha. "Kesho, keshokutwa, ukipata nguvu, tutakwenda. Hakuna anayekukimbiza."

"Twende sasa."

"Una hakika?"

"Akitangulia kusema yeye, mimi nitakuwa wa kujibu tu. Nimechoka kujibu." Akaitia bahasha mfukoni. "Ila mtakaa karibu nami?"

"Mpaka utufukuze," alisema Shangazi.

Baba yake Miwani ni seremala. Barazani kilisimama kitanda cha maharusi, amekichonga mwenyewe, vanishi haijakauka, na kipande cha gazeti kimewekwa juu kuzuia vumbi. Walipita pembeni yake wameinua nguo, zisiguse.

Sebuleni wakamkuta mzee, wakamkuta mweka hazina wa kamati, bwana mnene ambaye alikuja kwa ajili ya hesabu ya viti na sasa hajui aondoke au abaki. Dirishani mama yake Miwani alikuwa anafunga utepe kwenye vifuko vya zawadi. Na katikati ya kochi kubwa, bega kwa bega na mzee, Tabasamu.

Analia.

Si kwa hila tu, machozi yenyewe, yanatiririka. Fundi alishtuka. Alikuwa amejiandaa kwa hasira, hakujiandaa kwa machozi. Mkono wake ulianza wenyewe kutafuta kitambaa cha kumfuta.

"Umekuja," mzee alimwambia binti yake. Sauti yake ilikuwa ya randa kwenye ubao mkavu. "Ni nani huyo mwanamume?"

"Mwanamume gani, Baba?"

"Usinichezee! Kijana wa watu yuko hapa, amevunjika. Ananiambia una mtu mwingine, ndiyo maana umeanza kumkimbia. Na wifi yako anakuficha. Ni nani?"

Miwani alimtazama Tabasamu. Tabasamu akatazama zulia.

"Hakuna mwanamume mwingine. Yupo huyu mmoja tu." Shangazi akamsogelea upande huu, Fundi upande ule. "Baba, huyu amenibaka."

Nje kuku alilia.

Mweka hazina akakohoa. "Lakini, binti, kwa heshima... mchumba wako atakubakaje?"

"Kama mtu mwingine anavyobaka," Miwani akajibu. "Nilisema sitaki. Akafanya."

"Muongo!" Tabasamu akasimama. "Mzee, umeona? Umeona? Amefundishwa haya leo, dukani kwa dada!"

"Kaa chini," mzee alisema. Akakaa.

Seremala hakuwa mtu wa haraka. Alimtazama binti yake kwa muda, halafu macho yakahamia kwa Fundi, yakatulia hapo.

"Wewe ndiye uliyemlea. Ni kama mama yake. Mama hamtupi mwanawe." Aliweka mikono magotini. "Niambie wewe. Binti yangu ni muongo?"

Watu husema damu nzito kuliko maji, na siku ile Fundi aliusikia uzito wake. Tabasamu alikuwa anamtazama. Si yule bwana harusi wa kwenye kioo. Ni yule mtoto mwenye homa, aliyemshika kidole usiku kucha asiondoke. Neno moja lingemwokoa. Sijui. Angesema tu, sijui.

"Si muongo," alisema.

"Dada..."

"Mdogo wangu ameniambia kwa mdomo wake kwamba alimsikia akikataa." Machozi yalimtoka Fundi, akayaacha. "Nampenda, mzee. Nitampenda hata kesho. Lakini amefanya."

Tabasamu alisimama tena. Alitafuta uso mmoja wa kumwamini. Alianza na Shangazi.

"Hata wewe?"

"Nimeziona alama, mwanangu," alisema Shangazi. "Natamani nisingeziona. Lakini zipo, ni za vidole vyako."

Mzee akainuka. Alipoinuka, dari ikaonekana fupi. Alikwenda mlangoni, akaufungua mpaka mwisho.

"Toka."

Tabasamu akatoka. Walisikia gari likikataa kuwaka, likakataa tena, likawaka. Miwani alikaa chini pale pale kwenye zulia, Fundi akakaa naye, tepu ya kupimia ingali shingoni. Hakuna aliyeshangilia. Ila pumzi, pumzi ilirudi.

Lakini mzee alikuwa bado hajamaliza. Hasira ya mtu mpole ikishaanza haina pa kwenda. Akageukia chumba kizima, kidole hewani, kama aliyepanda jukwaani.

"Sikilizeni wote! Binti yangu hataolewa Jumamosi, na atakayemcheka atacheka na mimi! Mimi nimeishi na mke wangu toka ujana wetu, kwa heshima. Katika nyumba hii hajawahi kuwako mwanamume aliyemlazimisha mwanamke! Hajawahi!"

"Sahihi kabisa, mzee," mweka hazina alidakia.

Ndipo kikasikika kicheko.

Kilikuwa kifupi na kikavu, kama kitambaa kinachochanwa. Kilitoka dirishani. Vichwa vyote vikageuka.

Mama yake Miwani hakuwa ametia neno tangu waingie. Hakuwa amelia, hakuwa ameuliza. Aliweka utepe chini, akaweka na mkasi juu yake, akavipanga vizuri. Kisha akainua macho, si kwa binti yake, kwa mumewe.

"Rudia, mume wangu," alisema polepole. "Hilo neno la mwisho. Lirudie ukiniangalia mimi."